Nguo Inayoshika Mwili: Mitumba, Bitana na Swali la Stara

Miongoni mwa maswali ambayo elimu ya dini na falsafa ya maadili imeyarithi kutoka karne za mbali, liko moja ambalo kila anayejitayarisha kutoka nyumbani hulijibu kwa vitendo hata kama hajawahi kulitamka: je, nguo iliyoficha rangi ya ngozi lakini ikaacha umbo la mwili likisomeka imetimiza wajibu wa nguo? Makala haya yanalichunguza swali hilo kupitia hali moja mahususi, nayo ni ya gauni la mtumba lililoshonwa Ulaya au Marekani miongo kadhaa iliyopita, ambalo hushika mwili wa mvaaji na kumlazimu kuvaa nguo nyingine ndani yake au juu yake, mara nyingi bila kupata nafuu aliyoitarajia. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba stara haikai katika kitambaa, hukaa katika nafasi iliyopo kati ya kitambaa na mwili. Na kwa kuwa nafasi hiyo hutengenezwa kwa maarifa, kwa kazi na kwa hisani, haiwezi kudaiwa kwa nguvu kutoka kwa mtu ambaye hakusaidiwa kuipata.

Stara, kwa maana yake finyu katika fiqhi, yaani elimu ya hukumu za matendo katika Uislamu, ni kufunika sehemu za mwili zinazopaswa kufichwa mbele ya wasioruhusiwa kuziona, na sehemu hizo huitwa aura au uchi wa kisheria. Kwa maana yake pana, ambayo wazungumzaji wa Kiswahili huitumia bila kujali dini zao, stara ni hali ya mtu kutoachwa wazi mbele ya wenzake: mwenye deni aliyelipiwa pasipo kutangazwa amestiriwa, mgeni aliyelishwa pasipo kuulizwa sababu ya njaa yake amestiriwa, na maiti aliyenunuliwa sanda na majirani amestiriwa. Maana hizi mbili zina mzizi mmoja, kwa sababu katika zote anayestiriwa hubakiwa na uwezo wa kuamua nani ajue nini kumhusu, na katika zote mara nyingi stara hiyo hukamilika kwa mkono wa mtu mwingine. Jambo hili la pili ndilo husahaulika kwa wepesi zaidi pale mazungumzo yanapohusu mavazi.

Nguo za mitumba, yaani nguo zilizokwisha kuvaliwa katika nchi nyingine na kuletwa kwa marobota, zimekuwa vazi la kawaida la mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki. Nchini Tanzania uingizaji wake ulibanwa katika miaka ya siasa ya Ujamaa na ukafunguliwa katikati ya miaka ya 1980 masharti ya biashara yalipolegezwa, na nchini Kenya mlango ulifunguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, hata masoko kama Gikomba jijini Nairobi, Kongowea huko Mombasa na Karume jijini Dar es Salaam yakajulikana kwa biashara hiyo. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuelekea kuziondoa nguo hizo ili kuvipa nafasi viwanda vya ndani, na Rwanda, iliyopandisha ushuru wake kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ilisimamishiwa na Marekani mwaka 2018 nafuu ya kuuza mavazi katika nchi hiyo bila ushuru. Historia hii ina uzito katika mjadala wa maadili, kwa kuwa inaonyesha kwamba kabla ya mnunuzi kuinama juu ya fungu la magauni sokoni, maamuzi mengi kuhusu atakachovaa yamekwisha kufanywa na serikali, na wafanyabiashara, na watu wa mbali waliotoa nguo zao bila kujua zitafika wapi.

Gauni la zamani hushika mwili kwanza kwa sababu ya uzi wake. Viskosi, uzi unaotengenezwa kwa massa ya mti na unaodondoka mwilini kwa ulaini unaokaribia wa hariri, ulisajiliwa Uingereza mwaka 1892. Nailoni ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont nchini Marekani chini ya Wallace Carothers. Poliesta ikafuata mwaka 1941 kwa kazi ya Waingereza John Rex Whinfield na James Tennant Dickson. Na mwaka 1958 Joseph Shivers wa DuPont akapata elastani, uzi unaovutika na kurudi. Sababu nyingine ni mkato, kwani katika miaka ya 1920 na 1930 mshonaji wa Paris, Madeleine Vionnet, aliupa umaarufu ushonaji wa kukata kitambaa mshazari, yaani kwa pembe dhidi ya nyuzi zake badala ya kuzifuata, na nguo iliyokatwa hivyo hunyumbuka na kufuata kila mpindo wa mwili. Juu ya uzi na mkato huja umri: krepu ya viskosi hurudi ikilowa, lastiki hufa, na kitambaa kilichofuliwa kwa miaka mingi hupoteza unene uliokifanya kisimame chenyewe.

Yako tena maelezo ya kifizikia yanayofaa kufahamika, kwa kuwa mengi yanayolaumiwa kuwa ni uzembe wa mvaaji ni kazi ya maumbile. Vitambaa viwili visuguanapo, chembe ndogo za umeme huhama kutoka kimoja kwenda kingine, kimoja kikabaki na chaji chanya na kingine na chaji hasi, nazo chaji zilizo kinyume huvutana. Hali hii huitwa umeme tuli kwa sababu haitiririki kama umeme wa kwenye nyaya. Unyevu huiondoa chaji hiyo, na hapo ndipo nyuzi hutofautiana, kwa kuwa pamba katika hewa ya kawaida hubeba maji yanayofikia takriban asilimia 8 ya uzito wake, nailoni takriban asilimia 4, na poliesta haifiki hata asilimia 1. Kwa hiyo katika miji ya nyanda za juu kama Nairobi, Arusha na Iringa, wakati wa ukavu, gauni la poliesta huvutwa na miguu na kuganda kwenye mapaja kwa umeme tuli, ilhali Unguja, Tanga na Mombasa, ambako hewa yenye unyevu huizuia hali hiyo, gauni lilelile hugandishwa na jasho, kwani utando mwembamba wa maji kati ya ngozi na kitambaa hushikilia vyote viwili pamoja.

Mvaaji hujaribu kulitatua tatizo hilo kwa kuvaa nguo juu ya nguo, na hapo usumbufu hubadilika sura pasipo kuisha. Shumizi ya nailoni ndani ya gauni la poliesta hukutanisha vitambaa viwili ambavyo kimoja huelekea kupokea chaji chanya na kingine chaji hasi, hata shumizi ikawa chanzo kipya cha mvutano uliokusudiwa kuondolewa. Gagulo la pamba ndani ya gauni lililofumwa kwa vitanzi, mfumo uleule wa fulana, hushikwa na vitanzi hivyo na kupanda kidogo kidogo kwa kila hatua mpaka likakusanyika kiunoni, na mvaaji akawa hawezi kutembea hadharani bila kutafuta pembe ya kujirekebisha. Skintaiti huzuia kitambaa chepesi kisionyeshe ngozi, lakini kwa kuwa yenyewe hushika mwili, umbo hubaki kama lilivyokuwa. Sweta au mtandio wa juu huficha mabega na kuongeza joto, na joto huleta jasho, na jasho hurudisha kuganda. Kamba za sidiria, mishono na lastiki za nguo za ndani nazo hujichora juu ya gauni kwa mistari ambayo isingeonekana lau pasingekuwa na tabaka la ziada.

Jambo la kuzingatiwa zaidi katika maelezo hayo ni kwamba gauni lisilo na nafasi hubana zaidi kadiri nguo za ndani zinavyoongezwa, na likibana zaidi hutangaza zaidi. Kuongeza kitambaa kunaweza kupunguza stara. Mtu anayedhani kwamba staha hupimwa kwa wingi wa mavazi, kwamba mwenye nguo tatu amesitirika kuliko mwenye mbili na mwenye mbili kuliko mwenye moja, hukutana hapa na kanusho la wazi, kwa kuwa nguo tatu zilizogandana hufanya kazi ya ngozi moja nene, ilhali dera moja pana la kitambaa cha kawaida huuacha mwili ukiwa na faragha yake. Kinachotofautisha hali hizi mbili ni nafasi, yaani uwazi mdogo wa hewa ambao ndani yake mwili husogea bila kila msogeo kuandikwa nje, na nafasi hiyo haihesabiwi kwa idadi ya nguo.

Liko pia jambo la kihistoria linaloeleza kwa nini gauni la mtumba huja likiwa na upungufu huu. Magauni mengi yaliyoshonwa Ulaya na Marekani kabla ya miaka ya 1970 yalikusudiwa kuvaliwa juu ya nguo nyingine, yaani shumizi laini na mara nyingi kozeti au mkanda mpana wa kulainisha kiuno na nyonga, na fundi aliyelikata gauni alihesabu uwepo wa nguo hizo tangu mwanzo. Gauni linapoingia katika robota huwa limetenganishwa na wenzake hao, na hata kama wangewekwa pamoja, sheria za viwango za Tanzania na Kenya zinakataza uingizaji wa nguo za ndani zilizotumika kwa sababu za afya. Kwa hiyo mnunuzi hupata nusu ya vazi. Tabaka la nje linaweza kuvuka bahari na kubadilisha wenyewe, lakini tabaka lililo karibu kabisa na mwili halirithiki, na kila mvaaji analazimika kujitengenezea lake. Katika maadili pia hali ni hiyohiyo, kwa sababu mtu anaweza kurithi adabu za nje kutoka kwa wazee, kwa shule au kwa mji aliozaliwa, ila haya ya ndani, ambayo ndiyo huzifanya adabu hizo zikae vizuri juu yake, haipokewi ikiwa tayari.

Katika hadithi za Mtume Muhammad, yaani mapokezi ya kauli na matendo yake, iko moja ambayo kwa ajabu inalikabili tatizo lenyewe. Imamu Ahmad bin Hanbal, aliyefariki mwaka 855, aliipokea katika mkusanyo wake uitwao Musnad kutoka kwa Usama bin Zayd, ambaye alieleza kwamba Mtume alimpa vazi nene la Kikibti, yaani lililotokana na wafumaji wa Misri, ambalo Mtume mwenyewe alikuwa amezawadiwa na Dihya al-Kalbi. Usama akampa mkewe avae. Mtume alipouliza kwa nini Usama halivai na akajibiwa kwamba amelivaa mkewe, aliagiza mke huyo aambiwe aweke nguo nyembamba ya ndani chini yake, kwa kuchelea kwamba vazi hilo lingeeleza ukubwa wa mifupa yake. Vazi linalozungumziwa lilikuwa limetoka nchi ya mbali na limepita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kumfikia mvaaji wake, na dawa iliyotajwa ilikuwa ni tabaka la ndani.

Mafunzo ya mapokezi hayo huzidi hukumu moja ya mavazi. La kwanza ni kwamba vazi hilo lilielezwa kuwa nene, na bado likahofiwa kueleza umbo, jambo linalothibitisha kwamba unene wa kitambaa na stara ni vitu viwili. La pili, ambalo wahubiri wengi hulipita haraka, ni namna marekebisho yalivyofanywa: zawadi haikunyang'anywa, mwanamke hakulaumiwa wala hakuitwa mbele ya watu, na onyo lilifuatana na suluhisho lililo ndani ya uwezo wa nyumba ile, likapitishwa kwa mume ambaye ndiye aliyempa nguo na ambaye kwa hiyo alibeba sehemu ya wajibu. Aliyelitoa vazi ndiye aliyefikiria pia kilichokosekana ndani yake, na mafundisho ya stara yakatolewa kwa njia iliyokuwa yenyewe ni stara.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, waliliendeleza jambo hili kwa uangalifu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake Minhaj kimesomeshwa kwa vizazi katika madarasa ya pwani, aliweka sharti la nguo ya sala kuwa ni kuzuia rangi ya ngozi isionekane, na akaeleza kwamba sala ya aliyevaa nguo inayoonyesha umbo bila rangi ni sahihi. Hata hivyo, Abu Is-haq ash-Shirazi, aliyefariki mwaka 1083, alikuwa ameandika kwamba inapendeza kwa mwanamke anayesali kuvaa nguo ya mwili, ushungi na vazi la juu lililo zito lisiloeleza viungo, kisha alitenge vazi hilo na mwili wake anaporukuu na kusujudu ili nguo zake zisimchore. Sheria imegawa hapa ngazi mbili: ngazi ya lazima, ambayo maskini mwenye nguo moja iliyochakaa anaweza kuifikia na sala yake ikakubalika kisheria, na ngazi ya ukamilifu, ambayo hutafutwa kwa kadiri ya uwezo. Agizo la kulitenga vazi na mwili, yaani kuingiza nafasi kwa mkono wakati wa kuinama, linaonyesha kwamba wanazuoni hao waliielewa stara kama kitendo kinachoendelea, ambacho hakimaliziki mtu anapofunga kifungo cha mwisho.

Fikra iliyo karibu sana na hiyo ilikwisha kuandikwa Misri kwenyewe na mwalimu wa Kikristo. Klementi wa Aleksandria, mwishoni mwa karne ya 2, katika kitabu chake kuhusu malezi ya Mkristo, alizikosoa nguo za anasa ambazo kwa kulala karibu na mwili huchukua umbo lake na kwa hiyo haziwezi tena kuitwa kifuniko. Klementi aliwaandikia watu wa mji tajiri walionunua vitambaa laini kwa kujionyesha, na ukali wake unafaa kusomwa katika hali hiyo, kwa kuwa mvaaji wa mtumba hushikwa na nguo kwa uhaba pale ambapo matajiri wa Aleksandria walishikwa na nguo kwa wingi wa mali. Kitabu cha Mwanzo, kwa upande wake, kinasimulia katika sura ya 3 kwamba Adamu na Hawa walijishonea majani ya mtini, kisha Mungu akawatengenezea mavazi ya ngozi na kuwavika kabla hawajatoka bustanini. Katika masimulizi hayo vazi la kwanza lililotosha lilitolewa na yule aliyekosewa, likapewa waliokosa, na lilikuwa rehema iliyotangulia safari yao ngumu.

Falsafa ya sanaa nayo imelishuhudia jambo hilihili kwa njia nyingine. Wachongaji wa Athens ya mwishoni mwa karne ya 5 kabla ya Kristo waliuchonga mwili wa Nike, mungu wao wa kike wa ushindi, akiinama kurekebisha kiatu chake, na wakalifanya vazi lake ligande mwilini kama lililolowa maji, wakijua kwamba kitambaa kinachoganda huweza kuuonyesha mwili kwa nguvu kuliko uchi wenyewe, kwa kuwa huongoza jicho penye kila mviringo. Karne nyingi baadaye Hegel, katika mihadhara ya falsafa ya sanaa iliyochapishwa baada ya kifo chake cha mwaka 1831, alilisifu joho la watu wa kale kwa kulifananisha na nyumba ambayo mtu husogea ndani yake kwa uhuru. Mfano huo unalenga penyewe, kwa sababu nyumba humstiri mkaaji wake kwa kuwa na nafasi ndani, na kuta zikimgusa pande zote huwa si nyumba tena.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa kwa uzito wake. Mwili wa binadamu, husemwa, ni kazi ya Mungu, umbo lake halina dhambi, na kulifanyia bidii ya kulificha ni kulidharau. Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo ni kweli, na maandiko hayaikanushi: Qurani, katika aya ya 187 ya sura ya Al-Baqara, inawaita mume na mke kuwa ni vazi la kila mmoja kwa mwenzake, na hapo ukaribu wa vazi na mwili ni sifa ya huruma wala si aibu. Hitimisho ndilo halifuati, kwa sababu suala halihusu ubaya wa umbo, linahusu mamlaka ya mwenye mwili juu yake. Nguo inayoganda bila kukusudiwa humnyang'anya mvaaji uamuzi, ikawasomea wapita njia habari ambayo yeye angependa kuwagawia wachache au kubaki nayo peke yake. Usumbufu anaouona mtu anayevuta gauni lake kila baada ya hatua chache si ubatili wala majivuno. Ni utu unaodai haki yake ya kutosomwa na kila jicho.

Utamaduni wa pwani unaonyesha kwamba jamii inaweza kulijibu dai hilo kwa utulivu na kwa muda mrefu. Kanzu nyeupe ya kitambaa chepesi, ambayo ni vazi la heshima la wanaume, huvaliwa juu ya kikoi na fulana, na hakuna anayehesabu tabaka hilo la ndani kuwa ni mzigo wa aibu kwa sababu limekuwa sehemu ya vazi lenyewe. Kanga, iliyoenea katika robo ya mwisho ya karne ya 19 na ambayo huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili, humpa mwanamke tabaka la chini na la juu kwa bei moja, na kwa kuwa haikushonwa hufungwa upya, hulegezwa na hutengwa na mwili kwa wepesi. Mavazi haya yalizaliwa pamoja na tabaka zake, pale ambapo gauni la mtumba liliachana na zake njiani, na tofauti hiyo ndiyo humwacha mvaaji wa mtumba akitafuta peke yake jibu ambalo mwenzake alilipata kwa urithi.

Historia ya karibuni inaonyesha pia kinachotokea jamii inapoamua kuidai stara kwa nguvu. Mwezi Oktoba mwaka 1968, nchini Tanzania, Umoja wa Vijana wa chama tawala cha TANU ulipitisha azimio dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na mafuta ya kujichubua, na kampeni iliyojulikana kama Operesheni Vijana ikaanza kutekelezwa Januari 1969 kwa jina la utamaduni wa taifa. Mwezi Novemba mwaka 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani na wanaume waliodai kwamba hakuvaa kwa heshima, na sheria ya Kenya ikarekebishwa mwaka huohuo ili kumvua mtu nguo kwa nguvu kuwe kosa la jinai linalojitegemea. Tendo la wanaume wale linajihukumu lenyewe: waliodai kuilinda stara walizalisha uchi, na waliosema wanachukizwa na mwili ulioonekana waliuonyesha kwa umati. Haiwezekani kumpa mtu stara kwa kumvunjia stara, kama ambavyo haiwezekani kumfundisha mtu ukweli kwa kumlazimisha aseme uongo.

Maandiko yenyewe yamegawa wajibu kwa utaratibu ambao umati kama ule huusahau. Katika sura ya An-Nur amri ya kuinamisha macho imeelekezwa kwanza kwa wanaume katika aya ya 30, kabla ya aya ya 31 kuwageukia wanawake kwa amri hiyohiyo na kwa hukumu za mavazi. Na katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, lawama ya tamaa imewekwa juu ya anayetazama. Jicho linaloinama huongeza nafasi pale ambapo kitambaa kimeshindwa kuiweka, na kwa sababu hiyo mtazamaji ni mshiriki katika kumstiri mwenzake sawasawa na fundi aliyeshona. Aya ya 26 ya sura ya Al-Aaraf, inayotaja mavazi ya kufunika uchi na ya pambo kisha ikalitaja vazi la ucha Mungu kuwa bora zaidi, inakamilisha mpangilio huo, kwa kuwa vazi la ucha Mungu ndilo pekee ambalo halina budi kuvaliwa na anayetazama na anayetazamwa.

Wajibu uliogawanywa namna hii hutaka kazi za kawaida zinazojulikana kwa mafundi. Bitana, yaani kitambaa cha ndani cha kulishikilia vazi, ikiwa ya pamba laini au hariri na ikashonewa kiunoni au shingoni tu huku ikiachwa huru chini na kuwa fupi kidogo kuliko gauni, huteleza badala ya kupanda. Gauni lililoachiwa kitambaa ndani ya mishono linaweza kufunguliwa pembeni na kupanuliwa, na hilo hurudisha nafasi kuliko shumizi yoyote itakayoongezwa. Ngozi iliyopakwa mafuta kidogo na nguo iliyoanikwa penye unyevu hupunguza umeme tuli katika miji ya ukavu, na pini ya chuma iliyofungwa ndani ya pindo husaidia kuipunguza chaji. Fundi anayemweleza mteja mambo haya kabla ya kuulizwa, mfanyabiashara anayesema ukweli kuhusu gauni analouza, na ndugu anayetoa nguo pamoja na kile cha kuvaliwa ndani yake, wote hutekeleza ibada ambayo haitangazwi mimbarini.

Katika Injili ya Luka, sura ya 3, Yohana Mbatizaji aliwaagiza wenye kanzu mbili wampe asiye nayo, na wasomaji wengi huliona agizo hilo limetimizwa mara tu kabati linapopunguzwa na robota kufungwa. Hadithi ya Usama inaongeza sharti ambalo dini zote mbili zinaweza kulikubali: mtoaji aulize pia kama kilichotolewa kinavalika kwa heshima na aliyekipokea, na kama hakivaliki aonyeshe njia. Jamii inayotaka watu wake wasitirike inapaswa kuanzia kwa fundi, kwa mfanyabiashara, kwa mtoaji na kwa jicho la mpita njia, na kumfikia mvaaji mwisho, tena kwa upole. Kwa maana mtu aliyevaa alichokipata, akajitahidi kukirekebisha kwa kadiri ya uwezo wake, ametimiza sehemu yake ya stara, na iliyobaki ni deni la wenzake.